Zima-washa si tiba: pimeni intaneti kwa waya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu intaneti ya nyumbani, hasa hii ya faiba inayozidi kuingia mitaani Dar es Salaam. Malalamiko yanafanana. Mteja amelipia megabiti 50 kwa sekunde, miezi ya mwanzo mambo shwari, kisha video zinaanza kuganda, sauti ya mkutano wa Zoom inakatikakatika, na faili la kazi linamaliza jioni nzima likipakuliwa. Akipiga simu huduma kwa wateja anaambiwa azime ruta, ahesabu hadi 30, awashe. Nusu saa inapona, halafu yaleyale.

Kuzima na kuwasha kuna kazi yake. Kunafuta mrundikano kwenye kumbukumbu ya ruta na mara nyingi kunaifanya ichague upya chaneli ya waifai. Ndiyo maana nafuu huonekana, na ndiyo maana haidumu: chanzo hakijaguswa. Kasi inaweza kupotelea hewani kati ya simu na ruta, kwenye waya na vifaa vya ndani, kwenye uzi wa faiba unaotoka nguzoni, kwenye mtandao wa kampuni, au ng'ambo ya bahari. Dawa ya pamoja haipo. Lakini kujua imepotelea wapi ni kazi ya nusu saa ambayo mwenye nyumba anaiweza mwenyewe, akiwa na kompyuta mpakato na waya wa mita moja au mbili.

Kabla ya kupima, tuelewane kuhusu vipimo, maana hapa wengi hukosana na kampuni bila sababu. Kifurushi huuzwa kwa megabiti, faili huonyeshwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Mwenye megabiti 20 akiona faili linashuka kwa megabaiti 2.4 kila sekunde, anapata alicholipia karibu chote. Faili la gigabaiti 1 kwake litachukua kama dakika 7. Hilo si tatizo, ni hesabu.

Sasa kipimo chenyewe. Chomeka waya kwenye tundu la LAN la ruta, upande wa pili kwenye kompyuta. Zima waifai ya kompyuta, la sivyo inaweza kuendelea kutumia hewa huku wewe ukidhani unapima waya. Zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) kama ipo, na usitishe masasisho na programu za kuhifadhi picha mtandaoni. Wengine wote nyumbani waache kutumia kwa dakika tano. Njia rahisi ni kuzima waifai ya ruta yenyewe kwa muda huo. Fungua programu ya kupima kasi, chagua seva iliyo Dar es Salaam, kisha andika namba tatu: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Rudia na seva ya mbali, tuseme Johannesburg au London. Fanya hivyo asubuhi, alasiri, na kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Mwisho washa waifai, pima kwa simu ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, kisha ukiwa kitandani.

Namba hizo zitajisemea. Waya ukitoa kasi kamili na chumbani ikawa ndogo, kampuni haina kosa; tatizo ni hewa ya nyumba yako. Waya ukitoa kidogo saa zote, shuku waya wenyewe, vifaa, uzi wa faiba au mpangilio wa akaunti. Ukitoa kidogo usiku tu, ni msongamano. Seva ya Dar ikiwa nzuri na ya London mbovu kuliko kawaida yake, shuku nyaya za baharini zinazotuunganisha na nje.

Kuna namba moja ambayo fundi akiiona hatakiwi hata kuuliza swali la pili, nayo ni 94. Mteja wa megabiti 200 anapima kwa waya, inagota 93, 94, 95, asubuhi na usiku, haipandi hata kidogo. Waya wa mtandao una nyuzi 8, jozi 4. Ili vifaa viwili viongee kwa megabiti 1,000 lazima jozi zote 4 ziwe nzima. Moja ikikatika au isipoguswa vizuri na kichwa cha plagi, vifaa hukubaliana kushuka hadi megabiti 100, ambazo hutumia nyuzi namba 1, 2, 3 na 6 tu. Ukiondoa mzigo wa kufungashia data, kinachobaki kwa mtumiaji ni kama 94. Waya unaendelea kufanya kazi, taa zinawaka, hakuna anayeushuku. Sababu ni za kawaida sana: mlango unaoubana kila siku, msumari uliopigwa karibu, panya, kichwa kilichobanwa haraka, au waya wa bei rahisi ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba na hukatika ukikunjwa mara chache. Badilisha kwanza kile kipande kifupi kati ya kisanduku cha faiba (kile kinachopokea mwanga wa uzi na kuugeuza kuwa mtandao wa waya) na ruta, kwa waya ulioandikwa CAT5e au CAT6. Kisha soma kwenye mipangilio ya kompyuta kasi ya muunganiko: iandike 1,000, si 100. Ikikataa baada ya waya mpya, tazama ruta yenyewe, maana nyingi za bei nafuu matundu yake mwisho wake ni 100, hata kama boksi limeandikwa 300 au 1,200 kwa herufi kubwa. Namba hiyo ya boksini ni ya waifai, tena ya karatasini. Vilevile wanaotumia adapta ya USB kwa kompyuta isiyo na tundu wahakikishe si ile ya zamani ya 100.

Tuje kwenye waifai, ambako shida nyingi za nyumbani huishia. Ruta za sasa hurusha mawimbi mawili. La gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi lakini ni barabara nyembamba yenye watu wengi: chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Katika majengo ya ghorofa Kariakoo au Upanga, simu ikitafuta mtandao huleta orodha ya majina hadi uchoke kuyasoma, na wote hao wanagawana chaneli hizo tatu. Simu yenye antena moja kwenye wimbi hili mara nyingi huunganishwa kwa megabiti 72. Kasi halisi, hewa ikiwa tupu, ni 40 hadi 50. Hewa ikijaa, 10 au 15. Kwa hiyo mtu aliyepandisha kifurushi kutoka 50 hadi 100 huku simu yake imeng'ang'ania 2.4 ametupa hela.

Wimbi la gigahezi 5 lina nafasi kubwa na kasi kubwa, ila ukuta hulimaliza. Tofali la saruji lililopigwa plasta hupunguza kiasi. Nguzo na sakafu ya zege yenye nondo hupunguza sana. Kioo kikubwa cha kabati, friji na tangi la maji nayo ni vizuizi. Kwa ndugu zetu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, zile kuta nene za mawe ya matumbawe hazipitishi 5 kwa maana yoyote ya kutumika. Huko kila chumba kikubwa kinahitaji kifaa chake kilichovutiwa waya.

Cha kufanya ni hiki. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (anwani na nenosiri viko kwenye stika chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1) na uyape mawimbi mawili majina tofauti. Televisheni, kompyuta na simu zilizo karibu ziunganishe na 5. Kamera, balbu na vifaa vya mbali viachie 2.4. Kwenye 2.4 weka upana wa megahezi 20 na uchague 1, 6 au 11, ile isiyo na majirani wengi wenye nguvu. Asikudanganye mtu kwamba 3 au 4 ni salama kwa sababu hakuna anayeitumia. Ukikaa 3 unagongana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Kisha hamisha ruta. Mafundi wengi huifunga pale waya unapoingilia, yaani nyuma ya televisheni, stoo, au kona ya mwisho ya nyumba, kwa sababu wanalipwa kwa idadi ya nyumba. Ikae katikati ya nyumba, wazi, juu kiasi cha mita moja na nusu, mbali na oveni ya maikrowevu ambayo inatumia masafa yaleyale ya 2.4.

Kuhusu vile vifaa vya kuongeza mawimbi vinavyochomekwa ukutani: vya bei ya chini hupokea na kurusha kwa chaneli ileile, kwa hiyo kasi hukatwa karibu nusu. Na watu hukichomeka kwenye chumba kisicho na mawimbi kabisa. Kipaza sauti kisichosikia chochote kitapaza nini? Kiwekwe katikati ya safari, pale mawimbi bado yana nguvu. Bora zaidi, vuta waya hadi chumba cha pili na ufunge kifaa cha waifai huko. Mita 20 za waya wa shaba halisi zina faida kuliko vifaa vitatu vya kuongeza mawimbi.

Jambo ambalo huduma kwa wateja karibu hawalitaji ni upande wa kupakia. Nyumba yenye kamera nne za ulinzi zinazotuma picha mtandaoni, kila moja megabiti 2, inatumia 8 mchana na usiku. Kama kifurushi kinaruhusu 10 za kupakia, zimebaki 2. Simu moja ikianza kuhifadhi video za harusi, foleni inajaa, na hapo hata kupakua kunakwama, kwa sababu kila kinachoshuka huhitaji jibu dogo la "nimepokea" kurudi juu, na jibu hilo limesimama kwenye foleni ileile. Dalili yake ni muda wa kwenda na kurudi: kutoka milisekunde 8 unaruka hadi 300 au zaidi mara tu mtu mmoja anapopakia. Panga hifadhi ya picha ifanyike usiku wa manane, punguza ubora wa kamera, au weka ukomo ndani ya ruta, asilimia 85 hadi 90 ya kasi yako ya kupakia, ili foleni isijae kamwe.

Umeme nao. Adapta ya ruta huandikwa, kwa mfano, volti 12 na ampea 1.5. Ikiungua, watu hununua yoyote inayoingia, ya ampea 0.5 au 1. Ruta itawaka. Ila waifai ikianza kufanya kazi nzito umeme hautoshi, inajizima na kuwaka au inapoteza vifaa kimoja kimoja. Volti lazima zilingane. Ampea ziwe sawa au zaidi. Betri ndogo ya akiba iliyochoka huleta dalili hizohizo.

Ikiwa waya umepimwa, mzima, na kasi bado iko chini saa zote, sasa ndipo uutazame uzi wa faiba. Taa nyekundu ya LOS inamaanisha mwanga haufiki kabisa, hilo kila mtu analiona. Ugumu ni mwanga unaofika dhaifu. Kwenye ukurasa wa kisanduku cha faiba kuna mstari wa RX, yaani nguvu ya mwanga unaopokelewa, wenye namba hasi na alama dBm. Kati ya -15 na -25 ni salama. Kufika -27 ni ukingoni mwa uwezo wa visanduku vya kawaida, na makosa huanza kuwa mengi kuliko yanavyoweza kusahihishwa. Kila namba 3 zinazopungua, nusu ya mwanga imepotea. Aliyefungiwa akiwa -20 na leo ana -26 amebakiwa na robo. Kampuni nyingine huuficha ukurasa huu. Basi wapigie, wao wanaiona namba hiyo kwenye skrini zao bila kuja nyumbani.

Mwanga hupotea kwa sababu zinazoonekana kwa macho. Uzi umekunjwa nyuma ya kabati: usiukunje mduara wenye nusu kipenyo chini ya sentimita 3. Umefungwa kwa waya wa kufungia nondo, au umepigiliwa kwa pini zinazoubana. Sanduku la maungio nguzoni limeingia maji au sisimizi, na hapo utaona kasi inaanguka siku za mvua au upepo na kurudi jua likiwaka. Andika tarehe hizo. Uchafu kwenye konekta pia, kwani chembe ya vumbi usiyoiona inatosha. Konekta haifutwi kwa shati wala kwa mate, na haichunguliwi kwa jicho: mwanga wake hauonekani lakini upo. Ile ya kijani imekatwa mshazari wa digrii 8, ya bluu ni bapa. Aliyeunganisha kijani na bluu kwa sababu "zinaingia" ameharibu.

Njia ya kuthibitisha kwamba data inapotea ni rahisi. Kwenye kompyuta ya Windows iliyo kwenye waya, fungua dirisha la amri na uandike ping -n 100 192.168.1.1 (au anwani iliyo kwenye stika ya ruta yako), kisha ping -n 100 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Kila amri hutuma jumbe ndogo 100 na kungoja majibu. Ya kwanza inapima hadi kwenye ruta yako. Isipoteze hata moja, na majibu yawe milisekunde 1 au chini. Ya pili inatoka nje. Ikiwa ya kwanza ni safi na ya pili inapoteza 2 au 3 kila mara, tatizo liko baada ya ruta, kwenye uzi wa faiba au mbele zaidi. Usidharau 2 kati ya 100: kila upotevu humfanya mtumaji apunguze mwendo, na kadiri seva inavyokuwa mbali ndivyo anavyochelewa kuurudisha.

Msongamano wa usiku ni suala la kampuni. Faiba nyingi za majumbani ni za aina ya GPON: uzi mmoja wenye gigabiti 2.488 za kushuka na 1.244 za kupanda hugawanywa kwa splita kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zenye megabiti 50 kila moja zingedai 3,200. Si wizi, kwa kuwa hawapakui wote kwa sekunde moja, na mara nyingi kinachojaa ni njia ya mtaa kwenda kituo kikuu. Lakini lile neno "hadi" kwenye tangazo, "hadi megabiti 50", limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Kampuni iseme pia kasi ya saa 3 usiku.

Kwa wanaotumia ruta za laini ya simu, mengi ya juu yanawahusu, isipokuwa faiba. Wao wasogeze ruta dirishani upande wa mnara, mbali na mabati, na wasome masharti ya matumizi ya haki. Kasi inayoanguka ghafla katikati ya mwezi na kurudi siku ya malipo haijaharibika. Gigabaiti zimefika ukomo.

Kuna siku kosa si la yeyote aliye karibu. Jumapili ya Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM, zile nyaya za faiba zinazopita chini ya bahari, ilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hizo seva ya Dar hutoa kasi kamili huku tovuti za nje zikitambaa, na YouTube inaweza kuonekana nzima kwa kuwa video nyingi zimehifadhiwa kwenye seva za karibu. Ndiyo maana kupima intaneti kwa kutazama YouTube kunadanganya, siku njema na siku mbaya.

Ukishajua, andika malalamiko, usipige simu tu. Weka tarehe, saa, kasi za waya kwa seva ya ndani na ya nje, matokeo ya ping, namba ya RX, na uombe namba ya kumbukumbu ya tatizo lako. Uliza mambo mawili: mwanga ulikuwa ngapi siku ya kufungiwa, na akaunti yako imewekewa kasi gani kwenye mfumo. Hili la pili halichukui muda. Mtu aliyelipia 50 akigota 20 kamili saa zote, mara nyingi mfumo umemrudisha kwenye kifurushi cha zamani baada ya malipo kuchelewa, na karani hulirekebisha akiwa kwenye simu. Kampuni isipojibu, mlango unaofuata ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nao watakuuliza kwanza kama ulianza kwa mtoa huduma.

Ombi langu kwa kampuni na kwa TCRA ni dogo na halina gharama: fundi anapomaliza kumfungia mteja, aandike namba ya RX na kasi aliyoipima kwa waya kwenye karatasi ya kazi, na nakala abakishiwe mteja. Leo karatasi hizo zina nafasi ya sahihi na ya namba ya ruta, lakini swali la "mwanga ulikuwa ngapi?" mteja hana pa kulijibia.

Fundi wa mitandao,
Kinondoni, Dar es Salaam